Kabla Hujasimama Mbele ya Sista Wanja

Kendi,

Sikuulizi hali kwa sababu hali yako naijua. Nimekuona saa nane ukimaliza sahani mbili za githeri na kuchungulia sufuria kama kuna ya tatu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mgonjwa. Sasa hivi umeenda Mikinduri kumuaga shangazi yako, mama yako yuko jikoni anakufungia nduma za safari, na mimi nimekaa hapa mezani na daftari lako moja la chuo ambalo hukulimaliza. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Embu. Nina saa mbili kabla hujarudi, na kwa vile namjua shangazi yako na mdomo wake, labda tatu.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutoacha simu ikichaji dirishani, ya kanisa utakalosali huko, mama yako ameyasema tangu Jumatano na atayasema mpaka gari litoke. Mimi nayaruka. Nina jambo moja tu, na nimekasirika hata kabla sijalianza. Nimejikasirikia mimi, nimekukasirikia wewe kidogo, na hiyo simu yako nayo nimeikasirikia.

Unajua baba yako si mtu wa kukosa maneno. Shule niliacha darasa la sita, si kwa ujinga, ni kwa sababu mimi na mwalimu hatukukubaliana ni nani afundishe. Lakini nimeongea na polisi wa kila kizuizi kutoka Laare mpaka Mombasa na wakanipungia mkono nipite. Nimebishana na wanunuzi wa miraa kwa Kisomali cha kuokota barabarani, wakacheka, wakanunua mzigo wote. Niliwahi kusimama kwenye mazishi nikamsifu marehemu hadi wazee wakatoa leso, kumbe nilikuwa nimekosea boma na aliyekufa simjui hata kwa sura. Mtu kama huyo, Kendi, ameshindwa kukuambia sentensi moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Ikinifikia kooni inageuka mzaha. Wewe unacheka, mimi natoka nje kuangalia mbuzi.

Jumapili iliyopita nilitoka kuangalia mbuzi, unakumbuka. Ulikuwa unanionyesha hiyo programu yako ya simu, ya kuangalia wagonjwa wa dripu. Ulitundika chupa ya maji kwenye msumari wa kalenda, ukashusha mrija, ukaubandika kwa plasta mgongoni mwa mkono wangu, na ukasema, "Baba, leo wewe ndiye mgonjwa."

"Mimi sijawahi kulazwa tangu nizaliwe."

"Basi leo umelazwa. Nyamaza, wagonjwa hawajisifu."

Ukaishika simu mbele ya kale kachupa ambamo matone hudondokea, ikayahesabu, ikasema maji yanakimbia kupita kiasi. Ukakizungusha kigurudumu cha kwenye mrija, matone yakapungua, simu ikanyamaza. Ukanieleza kwamba kila saa itamlilia nesi aende auangalie mkono, aupige picha, na simu ilinganishe picha hiyo na ya mwanzo, ione kama kuna uvimbe, kama ngozi imebadilika rangi. Nesi asipokwenda, inalia simu ya mkuu wa wodi. Nilishangaa, nakwambia ukweli. Nilifikiri, huyu ni wangu huyu, ametoka kwenye hii nyumba ya mabati. Nilikuwa tayari kutoka mbio kuwaita majirani.

Halafu nikaona mwishoni kuna kisanduku, kimeandikwa "Mkono uko sawa", nesi anaweka alama, basi.

Nikakuuliza, "Na akiweka alama bila kuangalia?"

"Ndiyo maana kuna picha, baba."

"Na mkono ukiwa umefunikwa?"

"Ataufunua. Shida si shuka, shida ni manesi wa aina ya yule aliyeniharibia mkono mimi."

Nikasema hiyo programu tuwafungie mbuzi shingoni tujue nani anakula mahindi ya jirani. Ukacheka. Nikatoka.

Sasa leo mchana. Umekaa pale, kijiko mkono mmoja, simu mkono mwingine, unatusomea vile utakavyofungua mafunzo ya Jumatatu, ya kuwafundisha manesi hiyo programu. "Jina langu ni Kendi. Nilipokuwa na miaka mitatu nesi mmoja hakujali kuangalia mkono wangu, na hii ndiyo sababu niko hapa." Halafu ulisema utaunyanyua mkono wa kushoto juu waone kovu, na vile vidole viwili visivyojikunja. Mama yako akasema "vizuri" huku akiangalia sahani. Nami bado nilikuwa nimetulia, kwa sababu hadithi hiyo nimeizoea, ni mimi niliyeitunga. Kisha ukaanza kusoma majina ya manesi watakaokuja kutoka zahanati za huko chini Mbeere na za upande wa Runyenjes, na katikati ya majina ukasoma la Wanja, na jina lake la pili.

Niliomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Majina hayo mawili niliwahi kuyaandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwenye barua ya malalamiko. Wewe humjui kwa jina, kwa sababu hapa nyumbani hatujawahi kumwita jina. Tumekuwa tukisema "nesi yule". Nesi yule ni Sista Wanja. Jumatatu atakuwa ameketi mbele yako kwenye kiti cha plastiki, na wewe utaunyanyua mkono na kumweleza kwamba aliuharibu.

Hakuuharibu yeye. Ni mimi.

Sasa imeandikwa. Nimekaa kidogo nikaiangalia, na nyumba haijaanguka. Wacha nikueleze vile ilivyokuwa, na usinisaidie kwa kunihurumia mahali popote, soma tu.

Ulikuwa umehara na kutapika siku mbili mpaka macho yakaingia ndani. Tulikupeleka hospitali moja ya upande wetu, wakakuwekea maji. Mama yako alilala nawe, akashinda nawe, siku ya tatu asubuhi nikamwambia nenda nyumbani ukaoge, ubadilishe nguo, mtoto nitamwangalia. Alisita. Aliniambia neno moja tu: "Usiguse kitu." Nikamwambia mimi ninasafirisha mali kutoka Nyambene hadi baharini, chupa moja ya maji itanishinda?

Wanaume hawakai wodi ya watoto, hilo unalijua. Nilipoingia, mama mmoja mwenye mapacha aliyekuwa kitanda cha pili aliniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Baba Kendi, umekuja kunyonyesha?"

"Nimekuja kuwapa mafunzo," nikamjibu. "Mnakaa na watoto siku tatu na bado wanalia."

Wodi nzima ikacheka. Kufika saa nne nilikuwa mwenyekiti pale ndani. Nilikuwa nawachekesha wanawake ambao hawakuwa wamecheka wiki nzima, na hilo silijutii, walikuwa wamechoka wale. Najutia vile utamu wa kuchekesha watu ulivyonipanda kichwani.

Ulikuwa unautaka ule mrija utoke. Kila nikigeuka unauvuta kwa mkono mwingine, na plasta ilianza kubanduka. Nikamwita nesi. Alikuwa peke yake na wodi nzima. "Nakuja, Baba Kendi." Nikamwita tena. "Nakuja, nina mtoto wa degedege hapa, nivumilie." Na huko nje langoni pikapu ilikuwa inaningoja na miraa ya Laare iliyokatwa alfajiri. Wewe umekulia kwenye miraa, huhitaji kufundishwa: kibunda kilichokatwa leo kinataka kutafunwa leo, kesho hata mbuzi anakitazama mara mbili. Maisha yangu yote yalikuwa kukimbizana na jani. Nilikuwa mtu anayeamini kwamba kila kitu kikienda haraka ndivyo kinavyokuwa kizuri zaidi.

Kwenye mfuko wa koti nilikuwa na kamba ya mgomba, kama siku zote. Nikachana kipande cha katoni, nikaulaza mkono wako juu yake, nikaufunga na katoni yake vile ninavyofunga kibunda. Unazungusha mara tatu, unavuta, unachomeka ncha ndani. Mama wa mapacha akaniangalia. "Baba Kendi, hujakaza sana?"

"Mama, mzigo wangu unafika Mombasa haujalegea."

Wakacheka tena.

Nesi alikuwa amesema chupa ikiisha daktari atakuja kukuona. Mimi nikasikia kwamba chupa ikiisha tunakwenda nyumbani. Kwa akili yangu ya wakati ule, maji ndiyo dawa, na maji yakiingia haraka, ugonjwa unatoka haraka. Nikakifungua kile kigurudumu. Ukalia. Nikadhani ni utundu. Nikaufunika mkono na shuka ili usiuone na kuuvuta. Ukaendelea kulia, muda mrefu, halafu ukanyamaza. Nikawageukia wale akina mama nikawaambia, mnaona? Mtoto anataka baba.

Kendi, hapo nimeacha kuandika nikaenda dirishani. Nimerudi.

Sista Wanja alikuja. Alikuwa msichana tu, labda umri wako wa sasa, na kofia yake ilikuwa imekaa upande kwa kukimbia. Aliuliza, "Baba Kendi, mkono uko sawa?"

"Uko sawa, sista. Leo daktari ni mimi."

Akatabasamu kwa uchovu. Akaangalia chupa. "Haya maji yameenda mbio sana."

"Ana kiu."

Akakirudisha kigurudumu, akaandika kwenye chati, akaniambia nisikiguse. Nikamwambia sawa. Alipogeuka kwenda kwa yule wa degedege, nikakifungua tena.

Sasa najua kilichokuwa kinaendelea chini ya shuka, kwa sababu wewe mwenyewe umenieleza, Jumapili hiyo hiyo, kwa simu yako na picha zake, bila kujua unamweleza nani. Sindano ilikuwa imetoka kwenye mshipa. Maji yalikuwa yanaingia kwenye nyama, na yalikuwa yamechanganywa na dawa kali. Mkono ulitaka kuvimba na hauna nafasi, kwa sababu kuna bingwa wa kufunga mizigo ameufunga. Ulilia ukituambia hivyo. Ulinyamaza kwa sababu ulichoka.

Matone yaliposimama ndipo nikafunua. Mkono ulikuwa kama glavu iliyopulizwa, ngozi inang'aa, vidole vya baridi. Na sikiliza nilichofanya kwanza. Sikuita mtu. Nilifungua ile kamba, nikaikunja, nikairudisha mfukoni, na katoni nikaisukuma kwa mguu chini ya kitanda. Hapo ndipo nikapiga kelele: "Sista, mmemfanya nini mtoto wangu?"

Alikuja mbio. Alitoa sindano, akauinua mkono wako juu, akatuma mtu amwite daktari, yote hayo kwa wakati mmoja na bila kutetemeka. Kisha akaona alama kwenye kifundo, mistari mitatu, imeingia ndani. Akaniangalia. "Baba Kendi, huu mkono umefungwa na nani?"

Akina mama wote walikuwa wanasikiliza. Wale wale niliokuwa nimewapa mafunzo tangu asubuhi.

"Si ni nyinyi mnaojua," nikasema.

Mama wa mapacha alimchukua mtoto wake mmoja akageukia dirishani.

Yaliyofuata unayajua kwa mwili wako. Ngozi ilikufa, wakakupeleka chumba cha upasuaji, wakachukua ngozi ya paja kuziba. Watu walikuja kutufariji hapa nyumbani na kila mmoja aliuliza ni nesi gani huyo, na kila nilipoisimulia ile hadithi ilipata mafuta zaidi. Mara alikuwa kwenye simu ya mezani akicheka. Mara alikuwa amelala. Mwishowe binamu yangu akasema lazima tuandike barua, nami nikaiandika. Aliitwa akajieleza. Nilisikia kwamba alisema jambo moja tu, kwamba hakufunua shuka, na hilo lilikuwa kweli. Wakamhamisha kule chini Mbeere, zahanati ya mbali kwenye jua. Hakunitaja. Labda hakuwa na ushahidi. Labda alidhani tuna shida za kutosha. Sijui, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kuuliza.

Wala sikuambii kwamba hakuwa na kosa lolote. Alipaswa kufunua. Aliandika "sawa" kwa neno la mtu aliyekuwa anafanya mzaha. Lakini kosa lake lilikuwa la dakika moja ya mtu anayekimbilia mtoto mwingine. Langu limechukua zaidi ya miaka ishirini, na nimekuwa nikilipalilia kila msimu.

Nilikutana naye mara moja. Ulikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa nimekwenda Runyenjes kutafuta parachichi, wakati ule miraa ilipokuwa imetusumbua, na pale sokoni, kati ya boda boda zinazoshusha magunia, mwanamke mwenye sweta ya buluu akasimama mbele yangu.

"Wewe ni Baba Kendi."

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Hata huku nina sifa?"

Hakucheka. "Mtoto anaendeleaje? Ule mkono unashika kalamu?"

"Anatumia wa kulia. Ni wa kwanza darasani." Wala hukuwa wa kwanza, ulikuwa wa nne, lakini ndivyo nilivyo.

"Mungu ni mwema," akasema. Akaangalia mikono yangu, nilikuwa nafunga gunia. Akaniangalia nikimaliza fundo. Halafu akasema, "Msalimie mama yake," akaenda zake. Parachichi zile nilizisahau hapo hapo chini, nikarudi Meru na gari tupu, nikamwambia mama yako bei ilikuwa mbaya.

Mama yako. Aliiona ile alama ya kifundo jioni ile aliporudi. Aliipitisha kidole, mara moja. Hajawahi kuniuliza. Nimengojea aniulize mpaka nikaanza kumkasirikia kwa kutouliza, eti kama angeuliza ningesema. Uongo. Ningemchekesha.

Najua wanavyosema watu hapa: Baba Kendi ana moyo, akisikia mgonjwa hata saa gani anawasha pikapu. Ni kweli, nimebeba wagonjwa wa kijiji hiki chote, na wanawake wa kujifungua, na sijamdai mtu. Lakini waulize kama kuna hata mmoja aliyewahi kuniona ndani ya wodi. Nawafikisha mlangoni. Nakaa nje.

Basi hiyo ndiyo hasira yangu na wewe. Sasa hivi utaniambia, baba, unanikasirikia mimi nimefanya nini? Hujafanya kitu. Umechukua uongo wangu ukaufanya kazi nzuri. Umeacha usingizi miaka miwili, vidole vinane vinaandika mambo ambayo mimi hata kuyasoma siwezi, na yote yamesimama juu ya nesi mbaya ambaye nilimtengeneza kwa mdomo wangu. Ningefurahi kama ungetengeneza kitu kisichofaa. Ningekaa kimya nife na siri yangu. Lakini hiki kinafaa, na pamoja na kufaa kwake kina shimo, na shimo lenyewe ni saizi yangu.

Simu yako inamwangalia nesi. Saa zote inamlilia nesi, inamshtaki nesi kwa mkuu wake. Ni sawa, iwe hivyo. Lakini nesi anapita kwa saa mara moja, na mtu aliyeketi kando ya kitanda ni shangazi, ni nyanya, ni mimi. Sisi ndio tunaokizungusha kile kigurudumu kwa sababu tunataka kwenda kukamua ng'ombe. Tunaufunga mkono. Tunaitundika chupa juu ya msumari wa dirisha ili mgonjwa aende msalani. Hatufanyi kwa ubaya, tunafanya kwa upendo wenye haraka, na hakuna simu inayotuuliza kitu.

Wewe ndiye fundi, mimi nasema tu. Lakini kama ungekuwa na mahali pa kuuliza, kabla ya kile kisanduku cha "sawa": mkono umefunuliwa? Kuna mtu ameugusa? Na swali hilo, Kendi, asiulizwe mtu mbele ya wodi. Hili ndilo jambo pekee ninalolijua ambalo walimu wako hawalijui, na nimelilipia kwa mkono ambao haukuwa wangu. Sista Wanja aliniuliza swali zuri kabisa, lakini aliniuliza mbele ya watu niliokuwa nimejisifu kwao, na swali likija hivyo mtu wa aina yangu hana jibu lingine ila uongo. Angenivuta kando, labda, labda tu, ningeitoa ile kamba mfukoni dakika ile, na daktari angejua mkono ulikuwa umebanwa, si maji peke yake. Sijui kama vidole vingepona. Nimejiuliza mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu na hiyo simu.

Na hiyo programu uiwekee sauti. Watu wetu hawasomi matangazo ya ukutani, wanadhani ni ya UKIMWI yote. Nesi akiweka dripu, simu imwambie yule aliyekaa na mgonjwa kwa lugha yake, Kiembu, Kimbeere, Kimeru: usiguse kigurudumu, usifunge mkono, mgonjwa akilia muamini, niite. Ya Kimeru naweza kusema mimi. Sauti ninayo.

Sasa la Jumatatu. Nimeandika karatasi zote hizi nikizunguka hapo.

Nakuomba usisimame mbele ya Sista Wanja na ile hadithi. Sikuombi ili unifiche. Isimulie ile ya kweli, na uniite kwa jina, sema ni baba yangu, anauza miraa, alinifunga kama kibunda. Manesi wale watakusikiliza zaidi, kwa sababu kila mmoja wao ana Baba Kendi wake wodini kwake, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba hilo analijua. Kabla ya hapo, mtafute peke yake. Mwambie wewe ni nani. Sijui atakuambia nini, na mimi sina haki ya kukufundisha umjibu vipi.

Au nije mwenyewe. Nimelifikiria hili tangu saa nane na kila mara natafuta sababu ya kutokuja, kwa hiyo nadhani ndilo sawa. Jumatatu naweza kuwa Embu kabla hamjaanza. Nisimame mimi, niseme mimi, mbele yake na mbele yao wote, bila mzaha hata mmoja. Utachagua wewe. Ukisema nisije, sitakuja, na sitanuna. Ukisema hutaki kuniona wala Jumatatu wala Krismasi, hilo nalo nitalibeba, ila mama yako usimpunguzie simu hata moja kwa sababu yangu.

Nilikuwa nimepanga kuzikunja karatasi hizi na kuzichomeka katikati ya nguo zako, uzikute huko mbali nikiwa siko karibu. Nilijiambia ni kwa ajili yako, ili usiharibikiwe na safari. Nimejikamata. Ni uoga tu, nimeutafutia sababu nzuri, kama kawaida yangu.

Nakusikia langoni. Unamwambia mama yako shangazi amekupa kuku mzima na huna pa kumweka, na mama yako anacheka. Ingia. Nitazitoa hapa kwenye daftari nikupe kabla hujavua viatu, na nitakaa kwenye kiti hiki usome mpaka mwisho nikikuona. Sitatoka nje. Ukiwa na neno, liseme. Usipokuwa nalo, pia nitakaa.

Baba yako